Zamu ya Gurudumu

Saa moja asubuhi, Garching ingali imejifunika ukungu,
nafunga baiskeli kwenye uzio wa ukumbi wa pili
na kabla ya kuvua koti naweka kiganja kwenye chuma.
Limelala. Baridi kama ulimi wa kengele siku za Kwaresima.
Tani mia mbili na zaidi, shimoni, kwenye mhimili wima,
na mimi, Notburga Aschenbrenner, kilo hamsini na nane,
ndiye ninayeliamsha.

Haba na haba, ndiyo kazi yetu.
Umeme wa mji hauwezi kutoa kwa mkupuo mmoja
kile nyota inachotaka;
tungeuzima mji mzima, na Xaver mwoka mikate
angebaki na unga ulioumuka nusu.
Basi tunaomba kidogo kidogo,
kama mtu anayekopa chumvi nyumba hadi nyumba,
na kila tunachopewa tunakizungusha.
Mota inavuta. Beringi zinaelea juu ya mafuta.
Sakafu inaanza kunong'ona kwenye nyayo,
halafu kwenye magoti,
halafu kwenye jino lile lililozibwa mwaka wa harusi yangu.
Hapo najua, bila kutazama mita,
kibaba kimejaa.

Simu inalia kutoka ng'ambo ya ua.
"Mko tayari?" Ni Daktari Severin,
sauti yake bado ina vumbi la chaki.
"Tangu jana," namjibu.

Sekunde kumi.
Tulichokichanga asubuhi nzima kinamwagwa.
Gurudumu linaguna, linapunguza mwendo
kama ng'ombe aliyekutana na kilima,
koili za shaba zinakaza ngumi,
na huko, ndani ya chungu nisichowahi kukiona kikiwaka,
hidrojeni inashikwa na homa ya digrii milioni mia,
inaning'inia penye utupu, haina ruhusa ya kugusa ukuta.
Ikigusa, inapoa. Yenye moto kulikoni jua,
na bado inadeka kuliko mshumaa.

Leo ilikatika sekunde ya nne.
Severin alitukana kwa lafudhi ya kwao Tirol,
kisha akaomba radhi.
Nikamwambia: tunajaza tena.

Wageni huja na kamera. Hupelekwa kwenye chungu,
hupigwa picha kando ya chungu, kofia za manjano vichwani.
Hakuna anayeuliza nyota imekula nini.
Mvulana mmoja tu wa shule, mara moja,
alilaza sikio kwenye bomba langu akasema:
"Kuna mtu anawaza humu."
Sikumsahihisha.

Mama yangu, aliyepandisha makaa ghorofa nne
hadi mgongo ukakataa,
aliniuliza kila Jumapili:
lini hilo jua lenu litapasha maji yangu ya kuogea?
Miaka thelathini, Mama.
Tulimzika Februari. Njiani kutoka makaburini
nikapiga hesabu upya, jibu likawa lile lile.

Mwezi ujao yanakuja makabati ya kapasita,
safu kwa safu, meupe kama friji dukani.
Hayangurumi. Hayanuki mafuta.
Yanajaa kimya, yanamwaga kimya,
na, nisiseme uongo, yanamwaga vizuri kuliko sisi.
Nimehudhuria mafunzo yake, nimepata themanini na moja.
Ila hapakuwa na somo
la nini nitakachosikiliza.

Jaribio la saba, saa kumi na moja jioni, lilifika mwisho.
Kumi kamili. Hakuna aliyenipigia simu;
niliusikia ushindi wao katika uchovu wa chuma.

Nikazima mota. Halikusimama, halina desturi hiyo.
Lilizunguka nikifungua baiskeli,
lilizunguka nikipuliza supu ya maboga,
na saa tisa usiku, Xaver alipowasha oveni
na taa za mtaa zisitikisike hata kidogo,
huenda lilikuwa na mzunguko mmoja au miwili ya akiba.
Sijui.
Nilikuwa usingizini, jino langu limetulia.